Mwaka wa Fremu ya Faustine

Faustine tumemzika juzi kule Kaisho, na tangu nirudi nyumbani sijapata nguvu ya kufanya lolote zaidi ya kukaa kwenye kiti hiki na kuwatazama mbuzi wa jirani wakimaliza maharage yangu. Magoti yananiuma, mgongo unaniuma, na wajukuu wanadhani ni safari ndiyo iliyonichosha. Nimewaacha wadhani hivyo. Msibani walinipa kiti cha mbele, chini ya turubai, kwa kuwa katika rika letu tumebaki wachache mno, na kila aliyekuja kunisalimu alisema lile lile: pole mzee, umempoteza rafiki. Vijana wa bodaboda walikuwa wamepanga pikipiki zao kando ya migomba, nyingi kweli kweli, maana marehemu alikuwa kama mlezi wao. Kwa miaka mingi alikaa barazani kwake na mguu wake mmoja akiwafokea wapite polepole. "Mimi mguu wangu umekatwa na mwendo," alikuwa akiwaambia. Mmoja wao aliyarudia maneno hayo mbele ya kaburi huku analia, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nilitaka kusimama niseme neno. Sikusimama. Nimekuwa nikikaa kimya juu ya jambo hili tangu nikiwa na miaka ishirini na minne, kwa hiyo sikujishangaa, nilichoka tu. Leo naandika kwa sababu kuandika hakuhitaji magoti.

Mwaka ninaousema ulikuwa katika miaka ya hamsini, bado tukitawaliwa na Mwingereza, nami nilikuwa nimerudi kutoka Masaka, upande wa Uganda. Huko nilifanya kazi miaka mitatu katika gereji ya Kalasinga mmoja, mtu wa maneno machache na makofi mengi, aliyenifundisha kushika spana na kutomwamini mwenye pikipiki anapoeleza imeharibikaje. Niliporudi nilipanga chumba Nkwenda, uani kwa Bwana Seif, mfanyabiashara ambaye babu yake alitoka pwani. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu, na dirisha moja lililotazama magunia ya kahawa. Shuka zangu zilinuka kahawa, shati langu la Jumapili lilinuka kahawa, hata padri aliwahi kuniuliza kama nimeacha ufundi nikawa mchuuzi. Kazi yangu niliifanya barazani pa duka: baiskeli nyingi, cherehani mara moja moja, na pikipiki pale zilipopatikana, nazo zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Mke wa Bwana Seif, Bi Zuhura, alinipikia. Ijumaa ilikuwa pilau, siku nyingine ndizi na maharage, kwa sababu alisema pwani ni pwani na Nkwenda ni Nkwenda. Aliniwekea sahani mlangoni na kunisimamia mpaka nimalize. "Kula, mwanangu. Huyo binti wa watu utamwoa kwa mifupa hiyo?"

Binti wa watu alikuwa Kokugonza, mwana wa Mzee Rwiza, mhunzi wa Kaisho. Nilimwona sokoni akiuza majembe ya baba yake, akibishana na mnunuzi mmoja mpaka mnunuzi akacheka na kununua mawili, na habari yangu ikaishia hapo. Mshenga wangu alikuwa amekwenda kwa Mzee Rwiza mara mbili. Mara zote mbili alipewa buni za kutafuna, akapewa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaulizwa habari za ng'ombe na mvua, akarudi bila ndiyo wala hapana. Kiambaza kati ya chumba changu na cha Bwana Seif kilikuwa cha matete yaliyokandikwa udongo, na jioni moja niliwasikia wananizungumza. Bi Zuhura alisema, "Kijana fundi mzuri, ana adabu, huyo mzee anangoja nini?" Bwana Seif akamjibu taratibu, nasikia bado anavyokoroga chai: "Mhunzi hatafuti fundi. Fundi ni yeye. Anatafuta mkwe wa kumnyamazia." Nililala nikiwa na furaha. Niliona kunyamaza ni kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kuombwa.

Mwanzoni mwa kiangazi, kahawa zikiwa zimeanikwa kila uwanja, Faustine aliletwa barazani na wafugaji watatu waliokuwa wameinua gurudumu la mbele la pikipiki kwa mti. Faustine alikuwa dresa, ndivyo tulivyowaita waganga wasaidizi wa zahanati, na pikipiki ile ilikuwa ya zahanati, amepewa awafuate wagonjwa wa vijiji vya mbali. Tulisoma pamoja shule ya misheni. Ndiye aliyenipa nusu ya blanketi lake mwaka ule langu lilipoibiwa. Alikuwa amegonga ng'ombe. Yule ng'ombe aliinuka, akajikung'uta, akaendelea kula majani. Mwenye ng'ombe alimswaga mpaka Nkwenda tumkague, na tulipokuta hana hata mkwaruzo aliondoka akinung'unika kwamba ng'ombe wake ameshtuliwa. Faustine alichubuka viwiko. Iliyoumia ni pikipiki: shingo ya fremu, pale bomba la mbele linapoungana na usukani, ilikuwa imerudi nyuma kiasi kwamba tairi liligusa injini. Faustine alikaa kwenye gunia akashika kichwa. "Laurean, nimekwisha," akasema. Nikamwambia amwandikie mkubwa wake Bukoba, aseme ukweli. Akaandika. Jibu lilikuja na lori la kahawa, fupi: pikipiki itengenezwe, naja kukagua baada ya majuma mawili; nikikuta haitembei itarudi Bukoba, na wewe utarudi kwa wazazi wako. Faustine aliisoma barua ile mara nyingi mpaka ikalegea. Alikuwa na mama na wadogo wanne wanaomtegemea, na zaidi ya hapo aliipenda ile kazi. Nimewajua waganga wengi tangu hapo, sijamjua mwingine aliyekuwa akirudi siku ya pili kumwona mgonjwa bila kuitwa.

Foki, ile mikono inayoshika gurudumu la mbele, niliinyoosha mwenyewe. Fremu ilinishinda. Ilitaka moto wa kulifanya bomba jekundu, na moto huo Nkwenda haukuwepo. Ulikuwepo kwa Mzee Rwiza. Nisijifanye malaika: nusu ya safari ile ilikuwa ya fremu, nusu ilikuwa ya Kokugonza. Niliona ni bahati kumpelekea mzee kazi kubwa, watu wote waone, naye aone kwamba mimi fundi wa Masaka namheshimu. Nikafungua injini, tangi, magurudumu, nikaifunga fremu tupu juu ya baiskeli yangu, tukaenda mimi na Faustine tukisukuma kwa zamu, tukafika Kaisho jua likielekea kuzama. Tulipewa nyumba ya wageni, nyasi mpya zimetandikwa chini, harufu yake nzuri. Chakula kilikuwa ndizi zilizopikwa na maharage na majani yake, na maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Kokugonza aliingia, akapiga magoti, akaweka chakula, akatoka bila kunitazama. Nilishiba kwa hilo kabla ya kula.

Asubuhi Mzee Rwiza aliizunguka fremu mara tatu mikono iko nyuma. Alikuwa mfupi, kifua kipana, nyusi zimeungua siku nyingi zikakataa kuota. "Chuma hiki kimemwangusha mtu?" aliuliza. Faustine akasema ndiyo. Mzee akatia rubisi kidogo mdomoni, akakipulizia chuma, akasema sasa kinaweza kuingia ndani. Kisha akatukumbusha sheria ya kibanda chake, sheria ambayo kila mtu wa Kaisho aliijua: chuma kikiwa chekundu, anayesema ni mwenye nyundo peke yake. Mwingine akifungua mdomo, chuma kinaharibika na aliyeongea ndiye aliyekiharibu. Tukaafiki. Walikuja majirani wengi, wengine wamekaa juu ya magogo, maana hakuna aliyewahi kuona mifupa ya pikipiki ikiingia moto wa majembe. Mimi nilipewa mvukuto mmoja, Faustine mwingine. Tulivukuta mpaka mikono ikafa ganzi. Mzee alipitisha mti mgumu kwenye shingo ya fremu, akaiegemeza kwenye kisiki, akawapa wanaume wanne kamba wavute, na yeye akawa anagonga kidogo kidogo, anainama, anatazama kwa jicho moja, anapima kwa mpini wa mkuki aliounyoosha mwenyewe. Sijawahi kuona mkono kama ule, hata Masaka. Bomba lilirudi mahali pake kama lililoitwa.

Halafu nikaona vigogo vya mgomba. Vilikuwa pembeni, vimekatwa asubuhi ile, vimepasuliwa katikati, vinachuruzika maji. Nilijua ni vya nini. Majembe ya Mzee Rwiza yalikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya mpaka, na siri yake ilikuwa hiyo: jembe likitoka motoni analichoma ndani ya mgomba mbichi, linalia, linapoa mara moja, linakuwa gumu. Kwa jembe ni sawa. Kwa fremu nilikuwa nimefundishwa kwa kofi. Siku moja Masaka nilimwagia maji bomba la fremu lililokuwa jekundu ili nimalize haraka, na Kalasinga akanizaba, kisha akanieleza kwa Kiswahili chake kwamba bomba si jembe. Ukilipoza ghafla linanyooka kwa macho lakini linakuwa kavu ndani, na siku yoyote litakatika. Bomba huachwa lipoe lenyewe, kwenye majivu. Hayo niliyajua kama ninavyolijua jina langu. Mzee akanyoosha mkono kuomba mgomba. Nilifungua mdomo. Mbele yangu walikuwa majirani wote, Kokugonza alikuwa mlangoni na mtungi, na baba mkwe ambaye bado hajawa baba mkwe alikuwa ameshika nyundo na chuma ni chekundu. Nikafunga mdomo. Mgomba uliifunika shingo ya fremu, ukapiga kelele, mvuke mweupe ukajaa kibandani, wanawake wakapiga vigelegele.

Watu wa leo wataniuliza kwa nini sikusema baadaye. Ni swali zuri na nimejiuliza muda mrefu kuliko wao. Chuma kilipokuwa kimepoa sheria haikunifunga tena. Ningeweza kumwomba mzee tukirudishe motoni, tukiache kipoe kwenye majivu. Kilikuwa bado hakijaharibika kabisa. Nilikwenda nyuma ya nyumba kuifunga fremu kwenye baiskeli, nikitafuta maneno. Niliigonga kwa spana, nayo ikatoa sauti nyembamba kuliko niliyoisikia nilipoifungua Nkwenda. Nikiwa nimeinama pale nilimsikia Mzee Rwiza ndani akiongea na mkewe. "Nilidhani atanifundisha kazi. Hawa waliotoka Uganda wanakuja na midomo. Huyu alinitazama mwanzo mpaka mwisho, hakusema kitu." Mkewe akauliza, "Basi?" Mzee akajibu, "Basi nimempenda." Nikakaza fundo la kamba. Njiani Faustine aliimba karibu njia nzima. Tulipopumzika kwenye kivuli akaniuliza, "Imekaa sawa, fundi?" Nikamwambia, "Imenyooka." Hata sikumdanganya, ndivyo nilivyojiambia, na nikampa muhogo wangu.

Mkubwa wake alikuja, akaizunguka pikipiki, akampandisha Faustine aende mpaka sokoni na kurudi, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Faustine alinikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawakulifanya siku hizo. Bi Zuhura alituchinjia kuku. Nilikula. Kwa majuma kadhaa kila pikipiki ile ilipopita niliacha kazi, nikatega sikio mpaka mlio upotee, kisha nikarudi kwenye kazi. Nilijiambia huenda Kalasinga alizidisha. Nilijiambia chuma cha Mwingereza ni kizito. Siku mbili tatu nilimwambia Faustine aniletee niikague, akacheka, akasema wagonjwa wana zamu na pikipiki haina homa. Sikumsisitiza, kwa kuwa angeuliza nakagua nini.

Ilikatika mvua za kwanza zilipoanza, kwenye mteremko wa kuingia Kaisho. Shingo iliachana na bomba, gurudumu la mbele likaenda kwake, na injini ikamwangukia Faustine mguu juu ya jiwe. Walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, siku moja na nusu ya mwendo, na walipofika mguu haukuwa tena wa kuokolewa. Wakaukata chini ya goti. Mimi niliitwa kuja kuichukua pikipiki. Wanawake wawili waliokuwa wakirudi kuchuma kahawa walikuwepo alipoanguka. Mmoja aliniambia, "Tulikuwa tunaongea naye. Njia ilikuwa utelezi, akaja taratibu kando yetu, anaulizia mtoto wangu mwenye kifua. Neno halijaisha, akaanguka." Alikuwa anakwenda mwendo wa mwanamke mwenye kikapu kichwani. Niliinama nikatazama pale palipokatika. Nusu ya mkato ilikuwa mpya, inang'aa, chembe chembe. Nusu nyingine ilikuwa nyeusi na kutu. Ufa ule ulikuwa umekaa pale siku nyingi, umefunikwa na rangi nyeusi niliyoipaka mimi.

Mkubwa wake alikuja tena, safari hii na karatasi. Alinikuta barazani, fremu iko miguuni pangu chini ya gunia. Alikuwa mtu mwenye haki, lazima niseme hivyo. Alinieleza kwamba kama pikipiki ilikatika yenyewe, Faustine ameumia kazini bila kosa, atatafutiwa kazi ya kukaa, kuandika dawa kwenye daftari la zahanati. Kama aliendesha vibaya, ataachishwa. "Wewe ni fundi," alisema. "Fremu ilikatika ndipo akaanguka, au alianguka ndipo ikakatika?" Bwana Seif alikuwa mlangoni mwa duka. Mshenga wangu alikuwa ameleta habari jana yake tu kwamba Mzee Rwiza anataka kuniona. Nikaona majembe yote ya Kaisho yakirudishwa, nikaona mzee anachekwa na watoto, nikamwona Kokugonza akifunga mlango. Haya ndiyo niliyoyaona. Mguu wa Faustine sikuuona, ulikuwa mbali, hospitalini. "Alianguka ndipo ikakatika," nikasema. Akaandika. Alipoondoka niliikata fremu ile vipande vipande kwa msumeno, mchana kweupe, na kila aliyepita alinisalimu.

Nilimwendea Faustine hospitalini baada ya siku kadhaa. Wodi ilikuwa ndefu, kuta nyeupe, inanuka dawa na ndizi zilizopikwa na wauguzaji nje. Alikuwa amekonda, macho makubwa, na pale ambapo mguu ulipaswa kuinua blanketi blanketi lilikuwa limelala. Alifurahi kuniona. Aliniuliza kama nimekula. Tukazungumza juu ya mama yake, juu ya mvua, juu ya mtoto mwenye kifua, na nilianza kudhani hatutafika huko. Kisha akasema, "Nimeletewa barua. Wanasema nilikwenda mbio, na kwamba fundi amethibitisha." Nikalinyoosha pindo la blanketi. "Mimi nakumbuka nilikuwa polepole," akasema. "Nakumbuka wale akina mama. Kila siku nalala hapa najaribu kukumbuka vizuri." Akanitazama. Hakunitazama kwa ugomvi, naapa. Alinitazama kama tulivyotazamana shuleni, yeye akiwa hajui hesabu na mimi nikiwa ninajua. "Lakini wewe uliiona fremu. Wewe hujui kudanganya juu ya chuma. Kwa hiyo nilikwenda mbio, Laurean?"

Nilisema, "Ulikwenda mbio kidogo."

Akafumba macho. Machozi yalimtoka akayaacha yashuke. "Basi akili yangu inanidanganya," alisema. "Afadhali nimejua." Akaushika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa na joto la homa, akaniomba kitu kimoja: niende Kaisho kwa Mzee Rwiza nimwombee radhi. Mzee alifanya kazi ile kwa moyo, alisema, mbele ya watu, na yeye Faustine amemharibia kwa haraka zake; sasa watu wasije wakamsema mzee vibaya. Sikulala hospitalini kama nilivyokuwa nimepanga. Niliondoka mchana ule ule, nikashika njia ya Kaisho.

Nilimkuta Mzee Rwiza ameketi mbele ya nyumba, ameng'oa mpini wa jembe anauchonga. Nilimwamkia shikamoo, nikachuchumaa pembeni, nikampa ujumbe wa Faustine neno kwa neno. Hapo ndipo ningeweza kusema kwa mara ya mwisho. Hakukuwa na mtu mwingine, hakukuwa na chuma chekundu, na mzee mwenyewe alinyamaza muda mrefu akiwa ananitazama, mpaka leo sijui kama alikuwa ananingoja. Aliuweka mpini chini. "Amekatwa mguu, na bado ananiomba radhi mimi?" alisema. "Ndiyo, tata," nikamjibu, kama anavyojibiwa baba. Akavuta pumzi. "Mwambie nimemsamehe." Kisha akaita ndani walete rubisi, na akanitajia siku ya wazee wangu kuja kuzungumza habari za Kokugonza. Kibuyu kilikuja kimejaa. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, nikamshukuru, nikanywa.